Nilisema nilipata pancha

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto wawili, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa baiskeli imekuwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilianza baada ya daktari kunionya kuhusu uzito, lakini mambo haya huwa hayabaki pale yalipoanzia. Kilo 11 zilipungua, baiskeli ya kwanza ikaipisha nyingine iliyo nyepesi zaidi, nikanunua na magurudumu ambayo mpaka leo sijamwambia mke wangu bei yake kamili, na ile njia yangu ya alfajiri, yenye urefu wa kilomita 64, nikawa naimaliza kwa saa mbili, peke yangu, bila kumfuata mtu yeyote. Wenzangu wa kazini ninaotoka nao baadhi ya Jumamosi walizoea kuuona mgongo wangu tu, nao ndio walioanza kuniita bingwa. Sitakuficha: jina hilo nililipenda.

Wiki tatu zilizopita nilishiriki mashindano ya barabarani kwa mara ya kwanza, katika daraja la waendeshaji wa ridhaa. Zilikuwa duru saba za kilomita 12, kila duru ikiwa na kona sita na mlima mmoja mfupi karibu na mwisho. Tulianza watu 58. Bendera iliposhuka nilikwenda mbele moja kwa moja, nikaongoza kundi zima kwa kilomita nne hivi, kisha nikageuka nyuma nikitarajia kuona nyuso zilizokunjamana kwa maumivu. Niliona watu wawili wakizungumza, mmoja wao akifungua zipu ya jezi kwa mkono mmoja kana kwamba amesimama kwenye foleni ya benki.

Tulipofika mlimani mtu mmoja alichomoka, wengine wakamfuata, nami nikajikuta ninarudi nyuma, jezi moja baada ya nyingine zikinipita pande zote mbili, hadi nikawa mkiani. Tangu hapo sikumbuki mbio, nakumbuka kona. Kila tulipoingia kwenye kona walio mbele yangu walifunga breki, nami nikafunga zaidi yao, kisha walipotoka walikimbia kama wanaofukuzwa, nami nikalazimika kusimama juu ya pedali ili niwafikie. Na nilipowafikia, kona nyingine ilikuwa imeshafika. Niliogopa kuachia usukani hata kwa mkono mmoja, kwa hiyo chupa yangu ya maji ilibaki imejaa. Katika duru ya tatu, mlimani, nilikuwa nalitazama gurudumu la nyuma la mtu aliyekuwa mbele yangu. Pengo kati yetu lilikuwa la shubiri mbili, kisha likawa la mita moja, kisha nikaona mistari myeupe ya barabara inapita kati yetu, nikajua. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Baada ya dakika mbili nilikuwa peke yangu na upepo, na kwenye kona iliyofuata mtu wa bendera alikuwa ameshaikunja bendera yake. Aliponiona aliikunjua tena harakaharaka. Hilo la bendera ndilo linalonirudia usiku.

Katika duru ya tano watu watatu walinikuta wakitokea nyuma, wakipokezana kuongoza. Mmoja alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, akaniambia, “Njoo, kijana, kaa nyuma yetu.” Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila hata kuhema, nikamwambia kwamba napumzika kidogo na nitawafikia. Sikuwafikia. Mwisho wa duru ile nilikata kuelekea maegesho, nikaing’oa namba mgongoni, nikaondoka kabla mtu yeyote hajamaliza.

Nyumbani nilisema nilipata pancha. Mke wangu alinipa pole. Lakini mwanangu mkubwa, mwenye miaka 11, ndiye fundi wangu msaidizi. Ndiye anayepaka mnyororo mafuta na kujaza upepo. Siku ile, bila kuambiwa na mtu, alilivua tairi la nyuma, akatoa tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji, akiizungusha kidogo kidogo na kusubiri kiputo. Aliizungusha yote mara mbili. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Akanitazama, akasema, “Baba, mbona hii ni nzima?” Nikamjibu kwamba huenda ni valvu. Akaishika valvu chini ya maji kwa muda mrefu, kisha akaifuta tyubu, akairudisha mahali pake, na hajaniuliza tena. Tangu siku hiyo hajaigusa baiskeli yangu.

Naomba ushauri. Je, umri wangu umeshapita kwa mambo haya, niuze baiskeli na kurudi kwenye matembezi ya jioni? Na je, kuna haja ya kulifukua jambo la pancha, au niliache lizeeke lenyewe?

Bingwa wa Jumamosi


Ndugu yangu,

Baiskeli usiiuze kwa sasa. Mtu anayeuza chombo akiwa amekikasirikia hukubali bei yoyote. Nitaanza na mbio, kisha nitafika kwenye beseni, ambako nadhani hata wewe unajua kwamba ndiko barua yako inakoelekea.

Umezieleza mbio zako kwa uangalifu kuliko unavyofikiri, na ukiisoma barua hiyo kama ya mtu mwingine utaona kwamba hukuachwa kwenye duru ya tatu. Ulianza kuachwa katika zile kilomita nne ulizokuwa unaongoza. Kwenye barabara tambarare, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli anayekwenda kasi ni hewa anayoipasua mwenyewe, na nguvu ya kuipasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Wewe umezoea kilomita 32 kwa saa. Tuseme kundi lilikuwa linakwenda kilomita 40 kwa saa: kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini aliye mbele anatoa karibu mara mbili ya nguvu unayoitoa wewe alfajiri dhidi ya hewa hiyo hiyo. Aliye nyuma yake hatoi kiasi hicho. Mwaka 2018 Bert Blocken na wenzake walichapisha utafiti wa kundi la waendeshaji 121, waliloliunda kwenye kompyuta na kulipima pia kwa mifano midogo ndani ya handaki la upepo, wakakuta kwamba aliye katikati ya kundi lililoshikamana anaweza kukabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa unaomkabili mtu aliye peke yake. Sisi wa ridhaa hatushikamani kiasi hicho, maana wengi wetu tunaogopana, lakini hata nusu ya nafuu hiyo inatosha kumfanya mtu afungue zipu na kupiga soga. Wale wawili hawakuwa wanakudharau. Walikuwa wanasafiri kwa gharama yako.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe ulisifiwa Jumamosi nyingi. Ulikwenda mbele kwa sababu mbele ndiko ulikozoea kuwa, na hakuna aliyekuwa amekuambia kwamba katika mbio za barabarani mbele ni mahali pa kufika mara chache, kwa sababu maalumu.

Kisha zikaja kona, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo wageni wengi wa mchezo huu wanapomalizwa bila kujua kilichowamaliza. Kundi refu likiingia kwenye kona, wa kwanza huchagua njia yake na kupita karibu bila kugusa breki. Wa kumi anagusa kidogo. Wa hamsini anakuta watu wamesongamana mbele yake, anafunga breki hadi karibu asimame, na wakati anaanza kukanyaga upya wa kwanza ameshatoka zamani na anakwenda kwa kasi kamili. Kona ni ile ile na baiskeli ni zile zile, lakini wa kwanza hakulipa kitu, ilhali wa mwisho analipa mbio fupi ya sekunde 10 au 15 kwa nguvu zake zote ili tu abaki pale pale alipokuwa. Wewe ulikuwa wa mwisho. Kwa kona sita kila duru, tangu ulipokuwa mkiani kwenye mlima wa duru ya kwanza hadi ule mlima wa duru ya tatu ulikuwa umeshalipa kama mara 12. Halafu ukafika mlimani pamoja na watu waliokuwa wamelipa mara mbili tatu, ukashangaa kwamba wao wana pumzi.

Mazoezi yako ya alfajiri, ambayo nayasifu kwa dhati, yamekujengea mwili wa kutoa nguvu moja, iliyo sawa, kwa saa mbili. Mbio za barabarani haziombi hiyo. Zinaomba mtu awe mvivu kwa dakika tatu, akurupuke kwa sekunde 20 kama anayekimbia moto, arudi kwenye uvivu huku moyo bado unadunda, na arudie hivyo mara 40. Hilo ni jambo la kujifunza, na hulipati ukiwa peke yako barabarani hata ukiamka saa tisa usiku. Magurudumu mepesi hayalifundishi.

Kuhusu chupa, haikuwa kiu iliyokuacha nyuma. Mtu aliyeanza akiwa ameshiba na kunywa vizuri hamalizi akiba yake ndani ya saa moja. Lakini chupa iliyojaa inaniambia jambo jingine: kwamba kwa muda wote uliokuwa kundini mikono yako ilikuwa imekakamaa. Mtu asiyethubutu kuinua mkono mmoja hathubutu pia kusogea karibu na gurudumu la mwenzake, na asiyesogea anaikosa ile nafuu ya hewa. Yaani hata uliponing’inia mkiani ulikuwa bado unapigwa na upepo.

Umri nao tusiupuuze. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka polepole kadiri miaka inavyosonga, na mazoezi huupunguzia tu huo mwendo. Ila hoja hiyo ungeileta kwa uzito zaidi kama usingekuwa umepitwa na mzee mwenye ndevu nyeupe. Na hapa kuna jambo ulilolieleza wewe mwenyewe bila kuliona: watatu wale walikukuta wakitokea nyuma, maana yake waliachwa kabla yako. Walikuwa wamechoka kuliko wewe, au dhaifu kuliko wewe, au vyote viwili, lakini walipokezana, kila mmoja akaupasua upepo kwa theluthi moja ya muda na kujificha kwa theluthi mbili, wakamfikia mtu aliyekuwa anapigana peke yake. Umewahi kuona hesabu iliyo wazi kuliko hiyo?

Sasa aibu. Katika mashindano makubwa ya hatua nyingi, yaani ya siku kadhaa, kila siku ikiwa na mbio zake, anayechelewa kupita kikomo cha muda cha siku hiyo huondolewa. Mwaka 2018 Mark Cavendish, aliyekuwa ameshashinda hatua 30 za Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, alichelewa kupita kikomo katika hatua ya 11, ya milimani, akatolewa mbele ya dunia nzima. Mwaka 2021 alirudi akashinda hatua nne, akamfikia Eddy Merckx aliyekuwa na 34, na mwaka 2024 akapata ya 35, ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Sikutajii habari zake ili ujione Cavendish. Nakutajia kwa sababu siku ile hakuhitaji pancha. Katika mchezo huu kuachwa ni jambo la kawaida kiasi kwamba anayeshika nafasi ya mwisho kabisa katika Tour ana jina lake, taa nyekundu, kwa mfano wa taa iliyokuwa ikining’inizwa nyuma ya behewa la mwisho la treni, na watazamaji humshangilia. Mimi mwenyewe katika mbio zangu za kwanza niliachwa mapema kuliko wewe, na gari linalookota walioachwa lilinifuata kwa upole ambao nilitamani ungekuwa matusi.

Hawakugeuka kukutazama kwa sababu nao walikuwa wanakufa. Na yule mtu wa bendera, ndugu yangu, aliikunjua tena. Alikuona, akarudi kazini kwa ajili yako. Mimi ningelala vizuri kwa hilo.

Tuje kwenye beseni. Njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia kwenye maji ya kina cha kiganja. Unauliza kama uliache jambo lizeeke. Jambo la aina hii halizeeki, kwa sababu mwenye ushahidi anaishi nyumbani kwako. Lakini sidhani kwamba kinachomuumiza mtoto ni wewe kushindwa, wala hata kwamba ulisema uongo, maana watoto wa miaka 11 wameshasikia uongo wa watu wazima wa kutosha. Yeye alifanya kazi ya ufundi, na aliifanya sawasawa: alijaza upepo, akazamisha, akazungusha, akasubiri, akarudia. Akapata jibu sahihi. Kisha mtu anayemwamini kuliko wote akamwambia kwamba macho yake yamekosea, akamtuma kwenye valvu, akaitazama valvu nayo ikawa nzima. Ulimfanya aishuku kazi ya mikono yake mwenyewe, na hilo ndilo la kurekebisha kwanza. Ndiyo maana hajaigusa baiskeli tena: ama anaona hajui kazi, ama anajua kwamba anaijua na haoni faida ya kuijua.

Zungumza naye leo, si Jumamosi. Usimwite sebuleni kama mtu anayetaka kutangaza msiba. Kaa naye palipo na baiskeli, mikono yenu ikiwa na la kufanya. Mwambie: “Ile tyubu ilikuwa nzima. Uliikagua vizuri, na mimi nilijua. Niliachwa na kundi, nikaona haya, nikasema ni pancha.” Inatosha. Usiongeze hotuba kuhusu ukweli, kwa sababu wewe si mtu wa kuitoa wiki hii, na usimnunulie kitu. Akiuliza maswali, jibu yote, hata la kwamba uliondoka kabla ya mwisho. Akinyamaza, nyamaza naye na uendelee kusafisha mnyororo. Mkeo mwambie kabla yake, siku hiyo hiyo, ili mtoto asibaki na siri ya kubeba. Bei ya magurudumu nakuachia wewe na dhamiri yako, ingawa ukishafungua mdomo huoni kwamba ni siku nzuri? Wenzako wa kazini wanatosheka na sentensi moja, na ukiisema wewe kwanza, kwa kicheko, hawatakuwa na ya kwao.

Kuhusu mbio zijazo, toka na kundi walau mara moja kwa wiki kwa miezi miwili kabla ya kuvaa namba tena. Anza kwa kukaa mita moja nyuma ya mtu, kisha nusu mita, macho yako yakiwa mabegani mwake na mbele zaidi yake, si kwenye gurudumu lake kama ulivyokuwa unafanya mlimani, maana anayelitazama gurudumu huona habari zikiwa zimeshachelewa. Gurudumu lako la mbele lisipishane kamwe na la nyuma la mwenzako. Yakigusana, yeye huyumba na wewe huanguka. Jifunze kunywa ukiwa katikati ya watu, kwanza kwenye barabara iliyonyooka. Kwa mbio zinazozidi saa moja utahitaji pia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, nazo huliwa kwa mkono huo huo uliokuwa unaogopa kuuinua. Lengo la siku hiyo liwe kukaa katika theluthi ya kwanza ya kundi bila kuongoza hata mita moja. Ukiachwa, maliza duru zako, labda wasimamizi wakutoe wenyewe.

Matokeo ya mbio zile yana majina, na mzee mwenye ndevu nyeupe si mtu wa kupotea katika orodha ya watu 58. Mtafute. Mwamkie tena, safari hii ukiwa na pumzi, umwombe mtoke pamoja asubuhi mbili tatu akufundishe kona, na atakapokuambia ukae nyuma yake, kaa.